Kiti na Maneno Yake

Lori lililowabeba Constantino na mkewe Rosina kuelekea Sudani lilikuwa halijapotea machoni, na tayari benchi la barazani lilikuwa limejaa watu. Kaltumu alichungulia kwenye upenyo wa mlango, akarudi ndani mbio kama msichana aliyeona watu wa posa wakiingia uani.

"Baba Madinah, wamekuja! Benchi limejaa, wengine wamesimama."

Asuman alikuwa akivaa koti jeupe aliloachiwa na Constantino pamoja na kiti cha kung'olea meno. Mikono ya koti ilimfunika hadi vidoleni, kwani Constantino alikuwa mrefu kama mtama na yeye alikuwa mfupi. Aliikunja mara mbili, akajitazama kwenye kioo kidogo cha kutazamia meno.

"Si nilikwambia?" alisema. "Mtu hanunui kiti peke yake. Ananunua na jina."

Nyuma ya pazia sauti ya mwanamke ikasema polepole, "Alhamdulillahi." Alikuwa Kulusum, mama yake Kaltumu, ameketi juu ya mkeka na sanduku lake la nguo pembeni. Nyumba yake ya Koboko, ya vyumba viwili vya bati na mlimau uani, ndiyo iliyogeuka kuwa kiti hiki cha chuma, koleo hizi na chumba hiki cha kung'olea meno karibu na soko la Oli, mjini Arua. Mnunuzi wa nyumba, Tahiru, alikubali mbele ya mashahidi kwamba hataigusa wala kuiuza mpaka Iddi. Wakirudisha bei yake kabla ya hapo, nyumba ni ya Mama Kulusum tena. Asuman aliamini kiti kitairudisha nyumba hata kabla ya Ramadhani kuandama.

Kwa sasa mama alikaa kwa bintiye, na hapo ndipo ilipokuwa shida ambayo majirani walikuwa wameanza kuichekea. Nyuma ya chumba cha meno kulikuwa na chumba kimoja tu. Mwanamume wa Oli mwenye haya zake halali chumba kimoja na mama mkwe, hata pazia likiwa zito kama blanketi. Basi Kulusum, Kaltumu na mtoto Madinah walilala ndani, na Asuman akalala kwenye kiti cha wagonjwa, kichwa kwenye kile kishikio cha ngozi, miguu juu ya debe la mafuta ya taa. Hakumwambia mtu.

Kaltumu alibandika maji. Sukari ilikuwa adimu tangu Wahindi waondoke mwaka uliopita, naye alikuwa ameificha ya kutosha wiki nzima kwenye kopo. Aliimwaga yote kwenye birika. Wateja wa kwanza hawapewi chai kavu. Alitoka akawamiminia mmoja mmoja akiwa ameinamisha macho, nao walipokea kwa shukrani, hasa kwa kuwa chai haihitaji kutafunwa.

Wa kwanza kuingia alikuwa Rabia, muuza mandazi wa sokoni, mwanamke mnene mwenye kicheko kilichojulikana mtaa mzima. Alipanda kitini akajipanga vizuri.

"Fungua mdomo, mama," alisema Asuman kwa sauti ya udaktari. "Haya. Lipi linauma?"

Rabia alifungua. Juu hapakuwa na jino hata moja. Ufizi ulikuwa umepona, safi, wa waridi kama wa mtoto mchanga.

"Linauma nini?" Rabia aliuliza. "Unaona jino hapa ya kuuma? Mimi nakuja kuchukua meno yangu."

"Meno gani?"

"Meno! Constantino alitoa yote ya juu, akasema ngoja ufizi ikauke, baada ya mavuno njoo uvae mapya. Mimi nalipa zamani. Nalipa mbuzi na kitenge ya mke wake. Sasa ufizi imekauka."

Asuman alisimama na kioo mkononi. "Mama Rabia, Constantino ameondoka leo."

"Naona. Nampungia mkono mimi mwenyewe. Aliniambia, usilie, ndugu yangu Asuman anabaki na kila kitu."

Asuman alitoka barazani. Aliuliza benchi zima kwa sauti iliyojaribu kuwa ya utani, "Nani hapa ana jino linalouma?" Watu walitazamana. Mlinzi mmoja aitwaye Andama, mzee aliyetoka vijiji vya nyuma ya Kuluva kwa baiskeli, alifunua mdomo wake kama mtu anayeonyesha kibali. Pengo. Binti mmoja wa Kisudani, Keji, aliyebaki Arua kwa sababu ameolewa hapa, naye alifunua. Pengo. Wote walikuwa wameshalipa. Mmoja alinyoosha kikombe kuomba aongezewe chai.

Kaltumu alimwongezea. Hakujua kukataa.

*

Kesi ilisikilizwa buchani kwa Kamisi, mwenyekiti wa soko, naye hakuacha kukata nyama kwa ajili yake. Rabia alisema yake, Andama akasema yake. Asuman alisema alinunua kiti, koleo, sindano, majiko mawili ya primasi na kopo la poda, na kwamba katika mapatano hapakuwa na neno la meno ya mtu yeyote. Kaltumu alikuwa nyuma ya wanawake, mtandio mdomoni.

"Asuman, ndugu yangu," alisema Kamisi, "wewe ukinunua ng'ombe mwenye mimba, ndama ya nani?"

"Yangu."

"Na kupe?"

Watu waliangua kicheko.

"Na kupe yako pia," alisema Kamisi, akafuta kisu kwenye aproni. "Hawa watu hawakuketi chini ya mti. Waliketi kwenye kile kiti, na juu yake mtu aliwaambia maneno. Wewe umenunua kiti, umenunua na maneno yaliyosemwa hapo."

"Lakini malipo alikula yeye!"

"Basi mfuate Juba umdai. Sisi tutakulindia kiti." Kicheko kikarudi. Kisha Kamisi akashusha sauti kwa huruma, na huruma ile ilimchoma Asuman kuliko kicheko. "Wafanyie polepole. Mutu akishatolewa meno kwa ahadi, atatafuna nini? Ahadi?"

Njiani kurudi Asuman alitembea mbele, Kaltumu nyuma. Watoto wa jirani walikuwa wakicheza mlangoni. Mmoja alikuwa ameketi juu ya tofali kichwa kikiwa nyuma, macho amefumba, akikoroma. "Mimi Daktari Asuman," alisema, "nalala kwa kiti, naogopa mama mkwe!" Walipowaona walitawanyika. Asuman alipita kana kwamba hakusikia, akaingia, akaanza kupangusa kiti ambacho hakikuwa na vumbi.

*

Katika majuma yaliyofuata malori yaliendelea kupita kuelekea Koboko na mpakani, yamejaa masanduku, kuku na watoto. Amani ilikuwa imepatikana Sudani, na wakimbizi waliokaa Arua miaka na miaka walikuwa wakirudi kwao. Wanawake wa Oli walitoka kuwapungia. Kaltumu naye alitoka. Alikuwa amezoea kulia kwa mambo ya watu.

Siku moja aliingia Marino, fundi viatu, kijana mpole ambaye Constantino alimtengenezea meno manne ya chini ya mbele. Kwao walimng'oa akiwa mvulana, kama walivyong'olewa wenzake wote wa rika lake, kwa desturi. Asuman aliruka kutoka kwenye kigoda. Huyu hakuwa kwenye orodha ya wanaodai.

"Karibu, Marino! Yamelegea?"

"Hapana, daktari. Mazuri sana." Marino alifungua leso juu ya meza. Meno yalikuwa humo, manne, yameoshwa, yameshikana kwenye kipande chake cha waridi. Alipozungumza pengo lake lilionekana jeusi. "Nimekuja kuyarudisha. Unipe nauli kidogo tu, ya kunifikisha Yei."

"Meno hayarudishwi, bwana. Si chupa ya soda hii."

"Kwa nini? Sina kazi nayo tena."

"Mtu hana kazi na meno?"

Marino alicheka kwa haya, akauficha mdomo kwa mkono, kisha akakumbuka kwamba hana haja ya kuuficha. "Hapa nilikuwa na kazi nayo. Hapa watoto wa shule walinicheka. Karani pale juu, Arua Hill, aliniambia nirudie jina langu mara tatu, mate yanaruka. Lakini kule baba yangu ana pengo. Mama ana pengo. Mchumba niliyewekewa ana pengo. Nikifika na meno haya watauliza, huyu mtoto wa nani?"

Kaltumu alikuwa mlangoni na ufagio. Hapo ndipo alipoelewa. Wateja wengi wa Constantino walikuwa watu wa kwao, wakimbizi wenzake. Wenyeji walikuwa na hospitali ya serikali. Na wazee wao wenye mapengo walikuwa nayo kwao, nani awacheke? Waliohitaji meno ya kuvaa ni wageni, na wageni walikuwa wanapanda malori. Amani ilikuwa inawachukua wao pamoja na aibu yao.

Naye aliiombea amani ile! Alimpikia Rosina chakula cha kuagana, akamkumbatia, akalia. Tena, moyoni, aliomba Mungu aiharakishe safari yao ili kiti kiwe mikononi mwa Asuman mapema. Mji mzima uliyaona malori. Asuman aliyaona. Mama aliyaona. Hakuna aliyefikiri kwamba midomo nayo husafiri.

Asuman alikataa kutoa nauli. Marino alifunga leso taratibu, akaaga kwa heshima. Kaltumu alimkuta nyuma ya nyumba, akamtia mkononi hela ya mafuta ya taa.

"Nenda na meno yako," alimnong'oneza.

"Hapana, mama, umenunua," alisema Marino, akamwachia leso, akaenda.

Jioni, kwenye giza la chumba kisicho na taa, Asuman aliuliza mafuta yako wapi. Kaltumu alimwonyesha. Asuman aliyashika meno yale, akayageuza, na kwa muda alionekana kama atapiga kelele. Badala yake aliuliza kwa sauti ndogo, "Unadhani yatamfaa Rabia?"

"Ya Rabia ni ya juu."

"Ndiyo," alisema. "Ya Rabia ni ya juu."

*

Kama wagonjwa hawaji, tuwafuate: hivyo ndivyo Asuman alivyosema, na siku ya soko la Koboko wakapanda lori yeye na Kaltumu, na koleo kwenye mfuko wa turubai. Mama Kulusum aliwasindikiza hadi kizingitini. Alimtazama bintiye tu, kwani mkwe hamtazami, akasema, "Ukipita kwangu, tazama kama mlimau unapata maji."

Sokoni Asuman alitandika meza, akapanga juu ya kitambaa cheupe meno ya Marino aliyoyang'arisha kwa jivu, akaanza kuita. Wakakusanyika wazee kadhaa wa Kikakwa waliokuja kuuza mbuzi. Mmoja alichukua meno akayapima kwa jicho.

"Haya ya nani?"

"Ya kuvaa, mzee. Mtu mwenye pengo anavaa, anakuwa kijana."

Mzee aliwatafsiria wenzake kwa lugha yao, nao wakacheka mpaka mmoja akashikilia fimbo asianguke. Wote walikuwa na pengo lile lile, chini, mbele.

"Sikiliza, mtoto," alisema mzee, akiyarudisha mezani. "Sisi tulitolewa hayo, hatukulia, tukachinjiwa mbuzi. Sasa wewe unataka tukupe mbuzi mwingine uyarudishe? Basi baba zetu walikula bure!"

Kicheko kilisafiri meza hadi meza. Hadi jua linapinda, Asuman alikuwa ameng'oa jino moja la mtoto, nalo lilikuwa linaning'inia lenyewe. Mama yake alilipa kwa papai.

Kaltumu aliacha meza akaenda kutazama nyumba. Mlango wa chumba cha kwanza ulikuwa wazi, ndani kuna magunia ya tumbaku mpaka dirishani. Tahiru alikuwa uani akipima kwa kamba. Alipomwona alitupa kamba chini, akaona haya.

"Karibu, dada. Sijagusa kitu. Nimeweka magunia tu, mvua isinyeshee."

"Unapima nini, kaka?"

"Napima tu. Kijana wangu anaoa baada ya Iddi. Wakwe wanataka kuona nyumba." Alimletea kiti, alimletea maji. "Mimi si mtu mbaya. Mwambie mama, neno langu ni lile lile. Ila isipite Iddi. Mimi pia nina watu wa kuniuliza."

Kaltumu alikunywa maji. Yangekuwa matusi angejua la kufanya, angalau angelia. Alikwenda kisimani akateka ndoo, akaumwagia mlimau maji mpaka udongo ukashiba. Tahiru alisimama pembeni akimtazama, asijue amzuie au amsaidie.

*

Ili kuwanyamazisha wadai, Asuman aliamua kumaliza kwanza meno ya Rabia. Alikuwa amefundishwa na Constantino kwa mwezi mmoja: kuchukua umbo la ufizi kwa nta, kumimina plasta, kupanga meno, kuchanganya poda na maji yake makali, kuchemsha juu ya primasi. Aliharibu mara mbili. Mara ya tatu yakatoka. Kopo la poda likabaki na vumbi la kufunika ukucha. Duka la Kampala lililoiuza lilikuwa la Mhindi, na mlango wake ulikuwa na kufuli.

Meno yalimbana Rabia, yalimfanya azungumze kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, lakini aliyapenda. Alizunguka soko zima akimchekea kila mtu, mteja na asiye mteja. "Hii kazi ya Asuman!" alisema. "Huyu mutu iko na mkono!"

Hivyo kazi ikakua. Sifa ya mkono wa Asuman ilifika vijijini, na kila aliyeisikia alikuwa ameshalipa. Walitoka kwa baiskeli na kwa miguu, watu ambao Constantino aliwang'oa na kuwapa tarehe, na ambao walikuwa wamekata tamaa mpaka walipoona kicheko cha Rabia. Benchi halikutosha; walikaa chini. Waliongea kwa upole. Hakuna aliyetukana. Waliuliza tu, "Yangu lini?" na Asuman alijibu, "Juma lijalo," kwa kila mmoja, mpaka neno hilo likamtoka hata usingizini pale kitini.

Ramadhani iliandama. Alfajiri moja baada ya daku, Asuman alipokwenda msikitini, Kulusum alimshika bintiye mkono. Tangu ahamie hapa hakuwahi kuuliza lolote. Alikula kidogo, alikohoa ndani ya kanga, alijisitiri kwa pazia lake kana kwamba ni yeye aliyeuza meno ya watu.

"Kaltumu, mwanangu. Mumeo amepata mnunuzi wa kiti. Nimesikia akizungumza jana barazani."

"Ndiyo, mama. Msaidizi wa daktari, Ayiko. Amesomea hospitali ya Kuluva. Anakuja Alhamisi na mkewe kutazama."

"Anajua wale wa barazani wameshalipa?"

Kwa mkono uliobaki Kaltumu alianza kukusanya vyombo vya daku.

"Sikuulizi ili umwambie," alisema Kulusum. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi na kwa kutolala. "Nakuomba umwache mumeo aseme. Wewe nyamaza. Mimi nimekuwa mzee, sitaki kufia nyuma ya pazia la mkwe wangu. Mwanamume wa watu analala kama ndege kwenye tawi kwa sababu yangu. Watoto wanaimba. Mimi nataka kwangu tu, Kaltumu. Nataka kwangu."

Aliuficha uso wake kwenye kanga. Kaltumu hakuwahi kumwona mama yake akiomba kitu, hata siku baba alipokufa. Alimpapasa mgongo kama anavyompapasa Madinah.

"Nitanyamaza, mama," alisema.

*

Asuman aliwaambia wadai wote waje Alhamisi. Hakuwadanganya, alijiambia; atakuja daktari mwingine, aliwaambia, na huyo ndiye atakayewafanyia. Walikuja wamevaa vizuri. Andama alikuwa amefunga tai. Keji alikuja na mumewe. Walipomwona Ayiko akiingia, kijana mwembamba mwenye miwani, walisimama wote kumwamkia, naye akageuka kumtazama mkewe kwa furaha aliyojaribu kuificha.

"Kila siku ni hivi?" aliuliza.

"Leo ni wachache," alisema Asuman, na hilo lilikuwa kweli.

Ayiko alikagua kiti, akakanyaga kanyagio lake, kikapanda na kushuka. Alikagua koleo. Kuhusu poda alisema si shida, ana mtu Bunia, ng'ambo ya mpaka, atakayemletea. Asuman aliitikia kila kitu haraka mno. Barazani Andama alimwuliza daktari mpya, kwa adabu kubwa, kama atakuwa na nafasi yake, na Ayiko alimshika bega: "Mzee, nitakuhudumia wewe wa kwanza." Andama alirudi akakaa, amefarijika.

Jenifer, mke wa Ayiko, hakukaa na wanaume. Alikuja jikoni uani, tumbo likiwa mbele yake, mimba ya miezi mingi, akajiegemeza kwenye ukuta wa matope na kuvua viatu. Miguu ilikuwa imemvimba. Kaltumu alimpa kigoda, akamletea maji ya kunywa.

"Na wewe umefunga, dada. Samahani, nakunywa mbele yako."

"Kunywa, mama. Nyinyi mko wawili."

Jenifer alicheka. Alikuwa na uso wa mtu ambaye hajazoea kudanganywa. Alikunywa, akashusha sauti.

"Dada, hebu niambie wewe. Wanaume wakizungumza biashara husifiana kama watu wa harusi. Wewe unakaa hapa, unaona. Wagonjwa wapo kweli?"

Kaltumu alikuwa akipepeta mchele wa futari. Ungo ulisimama.

"Nakuuliza kwa sababu ya cherehani," Jenifer aliendelea. "Ng'ombe wawili wa Ayiko wameshauzwa. Bado kidogo bei haijatimia. Ayiko anasema nibaki na cherehani yangu, tutafute kwingine. Lakini nimewaona wale barazani, nikasema, kama wagonjwa ndio hawa, cherehani ya nini? Nitamsaidia yeye kazi. Nikisikia kwako tu, nitaiuza kesho."

Ukuta ule ulikuwa mwembamba. Upande wa pili, nyuma ya pazia, Mama Kulusum alikohoa mara moja, kisha kikohozi kikazuiwa, na Kaltumu alijua mama yake ameziba mdomo kwa kanga ili asikie.

Alitaka kusema kitu kilicho katikati. Alitafuta neno ambalo si uongo na ambalo halitamrudisha mama yake kwenye mkeka ule. Hakulipata. Alimtazama Jenifer miguuni, kwenye ile miguu iliyovimba, kwa sababu hakuweza kumtazama machoni.

"Wapo," alisema.

"Wengi?"

"Wengi. Wanatoka hata vijijini."

"Mungu akubariki," alisema Jenifer, akashusha pumzi, akaanza kuvaa viatu.

*

Iddi ilikuwa bado siku chache walipofungasha. Asuman alikuwa ametangulia Koboko kumkabidhi Tahiru bei yake, na alituma salamu: magunia yametolewa, ufunguo uko mkononi. Yeye angetafuta kazi ya kununua tumbaku.

Lori lilisubiri barabarani huku dereva akipiga honi. Mama Kulusum alikuwa ameshapandishwa mbele, sanduku mapajani, Madinah pembeni yake, na kwa mara ya kwanza tangu mvua za masika alikuwa anazungumza kwa sauti, akimwelekeza utingo namna ya kufunga mkeka usipeperuke.

Jenifer alitoka ndani na ufagio. Yeye na Ayiko walikuwa wamelala hapo usiku wa kwanza, na alikuwa tayari amepanda maua ya njano kwenye makopo mawili, kila upande wa mlango. Watu walikuwa wameanza kufika barazani. Ndani Ayiko alikuwa amevaa koti jeupe lililomkaa sawasawa, na Rabia alikuwa amepita kumsalimia na kumwonyesha meno yake, amwambie tu yanambana wapi. Andama alikuwa wa kwanza kitini, kama alivyoahidiwa. Kutoka ndani ilisikika sauti ya Ayiko, changamfu: "Haya, mzee, fungua mdomo. Lipi linauma?"

Kaltumu aligeuka aende. Jenifer alimwahi, akamshika mikono yote miwili.

"Dada, usiondoke hivi hivi. Sijui dua zenu, lakini nitaomba ya kwetu, wewe utaitikia."

"Dereva ananiita."

"Haitachukua muda." Jenifer alifumba macho, palepale kizingitini, mikono yake yenye joto ikiwa imeibana ya Kaltumu. "Mungu Baba, tunakushukuru kwa nyumba hii na kazi hii. Tunakushukuru kwa watu hawa uliotuletea. Mbariki huyu dada yetu anayesafiri, aliyenifungulia moyo wake siku ile, akaniambia kweli bila kunijua. Mlinde yeye na mama yake. Mpe amani katika nyumba anayokwenda."

Watu barazani walinyamaza kwa heshima ya sala, na katika ukimya ule sauti ya Andama ikasikika kutoka ndani ikianza kumweleza Ayiko habari ya Constantino, taratibu, tangu mwanzo. Honi ililia. Jenifer hakufumbua macho. Alikuwa anangoja.

"Amina," alisema Kaltumu.